Tarehe ionekane kwenye bei za samaki, isionekane kwenye mapishi

Bei ya changu pale Feri, soko la samaki la Dar, ikilala siku moja haina kazi, kwa hiyo chapisho la bei lazima libebe tarehe. Mapishi ya pweza wa nazi hayachachi. Tarehe ya 2019 juu yake humkimbiza msomaji bure. Kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, mistari mitatu inatosha kuyatenganisha.

Usiguse mandhari yenyewe (theme, faili zinazoipa tovuti sura), maana sasisho likija linafuta ulichoandika. Tengeneza mandhari mtoto (child theme, inayorithi mandhari mama), unakili humo single.php ya mandhari mama, faili inayoonyesha chapisho mojamoja. Ukikuta tarehe haimo ila kuna get_template_part, fuata faili inayoitwa hapo, uinakili kwenye folda ya jina lilelile ndani ya mandhari mtoto.

Kisha tafuta mstari unaochapa tarehe, uutoe, uweke hivi:

<?php if ( in_category( 'bei' ) ) : ?>
<p class="tarehe"><?php echo get_the_date( 'j/n/Y' ); ?></p>
<?php endif; ?>

Hiyo 'bei' ni jina la kategoria kama lilivyo kwenye anwani yake. Ukisahau endif, ukurasa wote unakufa, kwa hiyo baki na nakala ya faili ya zamani uirudishe kwa FTP, njia ya kupandisha faili kwenye seva. Hifadhi, safisha kache (nakala za kurasa zilizowekwa akiba), ndipo ukague.

Wapo wanaoficha tarehe kwa display: none ya CSS. Huko ni kufunika kombe tu: tarehe bado imo kwenye ukurasa na mitambo ya utafutaji inaisoma.

MASWALI

Wa Tabata: Ukurasa wa mbele, chapisho la kwanza lina tarehe, mengine ya siku hiyohiyo hayana.
– Umetumia the_date(), mkuu. Hiyo huchapa tarehe ya siku moja mara moja tu. Weka echo get_the_date().

Wa Mbagala: Kategoria ya dagaa iko chini ya bei, mbona haitoi tarehe?
– in_category haishuki kwenye kategoria ndogo. Zitaje zote: in_category( array( 'bei', 'dagaa' ) ).

Wa Kigamboni: Nikichapisha saa saba usiku inakuja tarehe ya jana.
– Tovuti yako iko UTC, saa ya kimataifa, saa tatu nyuma yetu. Kwenye mipangilio ya jumla chagua Dar es Salaam, imo kwenye orodha ya Afrika. Yaliyokwishachapishwa hayajirekebishi; badilisha tarehe zake kwa mkono.

Wa Ubungo: Mbona single.php siioni kabisa?
– Mandhari yako ni ya bloku, yaani kurasa zake hujengwa kwa vipande. Violezo vyake (templates) ni faili za .html, na PHP haifanyi kazi humo. Tengeneza kiolezo cha pili kisicho na bloku ya tarehe, uyapangie mapishi.