Akikupigia simu kutoka nyumbani: maumivu ya tumbo mimba ikiwa changa

Saa nne usiku, saa za kwetu, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe. Mimi nilikuwa Leicester, Uingereza. "Dada, tumbo linauma upande mmoja tangu asubuhi. Na bega nalo." Bega tulilisingizia ndoo za maji. Duka la dawa walikuwa wameshampa vidonge vya chango. Siku zake zilikuwa zimepita wiki mbili, ila hakuna aliyemuuliza.

Bega lile ndilo lililotakiwa kutushtua. Mimba ikitunga kwenye mrija wa uzazi badala ya mfuko wa uzazi, ndiyo mimba ya nje, mrija unaweza kupasuka na damu kuvujia tumboni. Ikifika chini ya kiwambo cha kifua, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, huchokoza mishipa ya fahamu na maumivu yakasikika kwenye ncha ya bega. Dalili nyingine ni maumivu ya tumbo la chini, mara nyingi upande mmoja, matone ya damu yenye rangi nzito, kizunguzungu na kuzirai. Mara nyingi huanza kati ya wiki ya 4 na ya 12.

Sio kila maumivu ni mimba ya nje. Ni kama mimba 1 hadi 2 katika kila 100, na tumbo kuvutavuta kidogo mimba ikiwa changa ni jambo la kawaida. Lakini huwezi kutofautisha kwa simu. Mwanamke aliyewahi kupata maambukizi ya kizazi, upasuaji wa mirija au mimba ya nje, au aliyeshika mimba akiwa na kitanzi, yuko kwenye hatari zaidi. Wengi hata hivyo hawana historia yoyote ya namna hiyo.

Basi ukipigiwa, uliza: siku zako za mwisho lini? Maumivu yako wapi? Bega linauma? Ukisimama unaona giza? Akisema ndiyo kwa bega au kizunguzungu, usimwambie asubiri kukuche.

Sisi tulio mbali tuna kosa letu: tunataka apelekwe Bugando, hospitali kubwa ya rufaa jijini Mwanza, moja kwa moja. Nakuomba sana, kama anatokwa damu ndani, aende hospitali iliyo karibu yenye chumba cha upasuaji, hata kama ni ya wilaya. Kutoka Ukerewe kuna maji ya kuvuka. Upande wa Sengerema daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, foleni ya kivuko imekwisha, lakini barabara bado ni ndefu kwa mtu anayevuja damu. Aliye naye apige 115 bure, namba ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito. Ipigwe kutoka Tanzania, kwa hiyo mpe namba hiyo jirani au shemeji mapema.

Pesa usiitume kwenye simu ya mgonjwa. Akiingia upasuaji hakuna wa kuitoa. Mtumie anayemsindikiza, na ndugu wawili watatu waende naye, kwani huenda wakaombwa kuchangia damu.

Hospitalini hupimwa mkojo au damu na kufanyiwa utrasaundi. Mimba ya nje haiwezi kuhamishiwa kwenye mfuko. Ikiwahiwa kabla mrija haujapasuka, huenda sindano ya methotreksati, dawa inayozuia mimba hiyo kuendelea kukua, ikatosha. Ikishapasuka ni upasuaji.

Wewe mwenyewe ukiwa mjamzito na tiketi ya Mwanza mkononi, fanya utrasaundi kuanzia wiki ya 6, kabla ya kupanda ndege, ujue mimba imekaa wapi. Maumivu makali yakikukuta ughaibuni, piga 999 ukiwa Uingereza, 911 Marekani, 112 nchi za Ulaya.

Mdogo wangu alifanyiwa upasuaji alfajiri, wakatoa mrija mmoja. Daktari alimwambia mrija uliobaki unaweza kumpa mtoto, ila mimba ijayo asikae nayo nyumbani: akikosa siku zake tu, aende akapimwe.