Ukipewa tawi, anzia mlangoni mwa stoo

Nilianza kazi ya duka nikiwa keshia, nikapandishwa kuwa msimamizi wa zamu, na miaka yangu sita ya mwisho nilikuwa meneja wa tawi lenye wafanyakazi zaidi ya mia. Kampuni ilikuwa na kitabu cha maadili chenye jalada la kung'aa. Kilikaa ofisini kwangu juu ya kabati, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyekuja kukiomba. Walichokuja kukiangalia kila siku ni karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa stoo, yaani ratiba ya zamu. Kwa hiyo wewe uliyepewa tawi juzi na unataka kuwatendea watu haki, kitabu kiache kwanza. Haki ya mfanyakazi wa duka iko kwenye karatasi tatu: ratiba, hati ya mshahara, na fomu ya upungufu wa keshia, yaani pesa inayokosekana kwenye droo yake.

Ratiba

Ibandike wiki mbili kabla. Usiitume Jumapili usiku kwa simu. Mtu asiyejua kesho anaingia saa ngapi hawezi kupanga nani atakaa na mtoto, hawezi kujiandikisha masomo ya jioni, na siku ya kliniki lazima aje kukubembeleza. Mwaka 2014 jiji la San Francisco, Marekani, lilipitisha sheria inayozitaka kampuni kubwa za maduka zitoe ratiba wiki mbili kabla, na zilipe fidia zikiibadilisha ghafla. Wakubwa wangu waliposikia walicheka: wateja hawana ratiba, sisi tutaipata wapi?

Ratiba hawana, lakini mazoea wanayo. Nilichukua mauzo ya kila saa ya miezi mitatu nikayapanga kwenye karatasi moja ndefu, na wiki zilifanana kama mapacha. Kilichovuruga ratiba zangu hakikuwa wateja. Kilikuwa mzigo unaoletwa bila taarifa, ofa zinazotangazwa na makao makuu kabla ya kutuambia, na mimi mwenyewe kuchelewa kuandika. Nikaanza kudai kalenda ya ofa na ya mizigo kutoka juu, na nusu ya mabadiliko ya ghafla ikaisha. Ukihitaji hoja ya kuwapelekea wakubwa, ipo: watafiti Marekani walijaribu kutuliza ratiba katika maduka ya nguo ya Gap ya San Francisco na Chicago, na matokeo yaliyotolewa 2018 yalionyesha mauzo ya maduka hayo kupanda kwa takriban asilimia 7.

Jambo la pili kwenye ratiba: hesabu saa kati ya kutoka na kuingia. Niliwahi kumpanga dada mmoja afunge saa nne usiku, kisha afungue saa kumi na mbili asubuhi. Kwa karatasi alikuwa na saa nane za kupumzika. Toa muda wa kusubiri usafiri, kufika, kula, kuoga, kisha kurudi tena kabla ya mapambazuko. Sidhani kama alipata hata saa nne za usingizi. Asubuhi alikosea chenji mara mbili, nami nikamwandikia onyo. Kosa la kweli lilikuwa kwenye ratiba, na ratiba niliiandika mimi. Tangu siku hiyo nilijiwekea saa 11 kuwa kima cha chini kati ya zamu mbili.

Na siku ya mapumziko iwe siku. Mkataba namba 106 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1957, unahusu biashara na ofisi, na unataka mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo. Nusu siku Jumanne na nusu siku Alhamisi hazijumlishwi zikawa siku moja.

Dakika ambazo hazionekani kwenye hati ya mshahara

Simama mlango wa wafanyakazi asubuhi ukiwa na saa na kalamu. Andika mtu wa kwanza amefika saa ngapi, kikao cha asubuhi kimeanza saa ngapi, na mashine ya mahudhurio imeanza kumhesabia saa ngapi. Rudi usiku ufanye vivyo hivyo: keshia amefunga mashine, amehesabu pesa, amepanga foleni ya kupekuliwa mkoba, ametoka. Kwangu nilikuta dakika 15 asubuhi na dakika 20 usiku ambazo hakuna aliyelipwa. Zidisha kwa siku 26 za kazi: ni dakika 910, saa 15 na dakika 10. Karibu zamu mbili nzima kila mwezi, bure, kwa kila keshia.

Dawa yake si ngumu. Mashine ya mahudhurio ihamie mlangoni, kabla ya kikao na baada ya upekuzi. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya California iliamua, katika kesi ya wafanyakazi wa maduka ya Apple, kwamba muda wa kusubiri kupekuliwa mikoba ni muda wa kazi na unalipwa. Hata kama sheria ya kwenu haijasema hivyo, jiulize: mtu aliyesimama kwenye foleni kwa amri yako yuko kazini au yuko kwake? Na upekuzi wenyewe uwe wa wote, meneja akiwemo. Mimi nilipanga foleni na mkoba wangu, na kwa mara ya kwanza walinzi waliacha kuwapapasa watu hadharani. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, pembeni, basi.

Upungufu wa keshia

Hapa ndipo watu wanapoonewa zaidi, na hapa ndipo nilipomwonea mtu.

Mkataba namba 95 wa Shirika hilo hilo la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaolinda mishahara, unataka makato yafanywe tu kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na mfanyakazi ajulishwe. Kwa hiyo kauli kama “pesa imepungua, tutakata mwisho wa mwezi” haina miguu. Lakini hata pale sheria inaporuhusu kukata, swali la kwanza ni kama unajua pesa ilipotelea wapi.

Mashine namba tatu kwetu ilikuwa inapungua, mara kwa mara, kiasi kile kile. Nilikwisha kuwakata watu wawili na mmoja alianza kuitwa mwizi chumba cha chai. Mtu wa tatu alipopungukiwa kiasi kile kile ndipo nilipoamka. Tulihesabu pesa ya kuanzia kabla ya zamu: mfuko wa sarafu wa mashine ile ulikuwa unatoka chumba cha fedha ukiwa pungufu. Anayeufunga alikuwa mmoja, hakuna aliyehakiki, na keshia alisaini bila kuhesabu kwa sababu milango ilikuwa inafunguliwa na sisi wasimamizi tulikuwa tunamhimiza. Niliwarudishia pesa zao. Kisha niliomba radhi kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wale wale waliosikia neno mwizi, maana kuomba radhi ofisini mlango ukiwa umefungwa kusingemsafisha mtu.

Fanya hivi basi. Keshia ahesabu pesa ya kuanzia na mtu wa chumba cha fedha, wote wawili wasaini, na umpe dakika za kufanya hivyo. Droo moja, mtu mmoja, nywila moja. Msimamizi asiingie kwa nywila ya keshia hata foleni ikifika mlangoni. Kufunga hesabu kufanyike keshia akiwepo. Ikipungua, angalia kwanza bidhaa zilizorudishwa, mauzo yaliyofutwa, na bei za mashine dhidi ya bei za rafu. Ukishamaliza hayo yote ndipo umwite. Naye asikilizwe kabla ya uamuzi. Mkataba namba 158 wa 1982 unataka mtu apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kwa tuhuma za mwenendo, isipokuwa pale ambapo mwajiri kwa haki hawezi kutarajiwa kuitoa. Mpe tuhuma kwa maandishi, mpe siku ya kujiandaa, mruhusu aje na mwenzake au mwakilishi wa chama.

Kiti

Wataniuliza kiti kinaingiaje. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1899 ya kuwapa viti wanawake wahudumu wa maduka, kiti kimoja kwa kila wahudumu watatu. Zaidi ya miaka mia baadaye, Kerala nchini India ililazimika kuweka haki ya kukaa katika sheria zake za maduka mwaka 2018, na Tamil Nadu ikafuata 2021. Ubishi ni ule ule: mteja akimwona amekaa ataona mvivu. Mimi niliweka viti virefu kwenye mashine zote. Hakuna mteja aliyelalamika. Aliyelalamika ni mkaguzi kutoka makao makuu. Na keshia asiombe kwenda chooni kupitia kipaza sauti. Weka mtu wa kupokezana, ana ratiba yake, anapita kila mashine.

Wa mkataba, wa wakala, wa stoo

Siku moja linganisha mishahara bila majina. Kwetu watu wa stoo, karibu wote wanaume, walilipwa zaidi ya makeshia, karibu wote wanawake, kwa maelezo kwamba stoo ni kazi ya nguvu. Keshia wa zamu ya jioni anainua mizigo midogo midogo mamia kwa mamia, anabeba dhamana ya pesa, na anatukanwa. Mkataba namba 100 wa 1951 unazungumzia kazi ya thamani sawa, si kazi inayofanana. Pima ujuzi, uzito, wajibu na mazingira, kisha uone kama tofauti ile inasimama. Pima hivyo hivyo kwa vijana wa wakala wanaopanga rafu moja na wako wa kudumu, sare ile ile, na mshahara mwingine.

Mteja akimtukana au kumshika keshia, nenda wewe. Mkataba namba 190 wa mwaka 2019, juu ya ukatili na udhalilishaji kazini, unamgusa hata mtu wa nje, na mteja ni mtu wa nje. Ule usemi kwamba mteja ni mfalme nilizoea kuukata hivi: mfalme naye hutoka nje.

Sanduku la malalamiko likae mahali pasipo kamera. Letu lilikaa chini ya kamera kwa miaka miwili na sisi tukajisifu kwamba halina barua.

Mwisho wa mwezi chukua hati ya mshahara ya mfanyakazi mpya kuliko wote, kaa naye, mwombe akueleze kila mstari. Mstari atakaoshindwa kuueleza, nenda nao kwa mhasibu siku hiyo hiyo.