Michirizi kwenye video ya ukumbini: shusha fremu hadi 25

Ukirekodi harusi usiku na michirizi myeusi ikawa inatembea kwenye picha, toka fremu (picha moja moja zinazounda video) 30 kwa sekunde, weka 25. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, hivyo taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. 100 inagawanyika kwa 25. Kwa 30 haigawanyiki, ndiyo maana michirizi haitulii. Kwenye iPhone, washa kwanza fomati za PAL (mfumo wa video wa fremu 25) katika mipangilio ya kamera, ndipo 25 itokee. Android yenye hali ya Pro (ya kupanga kamera mwenyewe), weka kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde: hiyo ndiyo dawa hasa, hata ukibaki na 30. Taa za rangi za DJ mara nyingi hazisikii dawa hii. Juani 1/50 itaunguza picha iwe nyeupe, na Marekani, kwenye hezi 60, rudi 30.