Samaki wa Jumamosi mfuate mwenyewe
Ikiwa unaishi Dar es Salaam na umezoea kuagiza samaki kwa simu ukaletewa na bodaboda, jaribu walau Jumamosi moja kwa mwezi kwenda mwenyewe alfajiri katika soko la Feri, Kivukoni, ukiwa na kikapu na fedha taslimu, simu ukiiacha nyumbani. Mfunue samaki mashavu uone kama ni mekundu, tazama kama jicho linang'aa na halijadidimia, kisha mbonyeze kwa kidole, kwani nyama ya samaki mbichi hurudi mahali pake mara moja, jambo ambalo picha haiwezi kukuonyesha. Mimi hutumia saa mbili nzima huko, nami nazithamini mno, kwa kuwa muuzaji wangu sasa huniambia waziwazi siku ambayo samaki wake aina ya changu wamelala kwenye barafu.