Jinsi ya Kuandaa Safari ya Masomo ya Wanafunzi kutoka Kampala hadi Berlin

Mhadhiri anayekusudia kuwapeleka wanafunzi wake Berlin ataulizwa kwanza na mkuu wa idara kwa nini iwe Berlin, wala asikasirike, kwa maana jibu atakalotoa ndilo litakaloingia katika barua zote zitakazofuata, kuanzia ile ya kuomba fedha hadi ile ya ubalozini. Kwa wanafunzi wa Kiswahili na wa historia, jibu lipo tayari. Huko ndiko ulikofanyika mkutano wa kuligawa bara letu, tangu tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, na huko ndiko ilikofunguliwa, mwaka 1887, Seminari ya Lugha za Mashariki, ambamo Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka upande wa Bagamoyo, alikuja kuwafundisha Wajerumani Kiswahili.

Jibu likishakubaliwa, shughulikia viza. Maombi ya viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya, Ujerumani na Ubelgiji zikiwemo, zinazotumia viza moja, yanaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kanuni inaruhusu hadi siku 15 kabla. Siku hizo 15 usizitegemee hata kidogo, kwa kuwa uamuzi wenyewe huchukua siku 15 na huweza kusogezwa hadi 45. Mimi hutaka mafaili yote yawe mezani kwangu miezi minne kabla. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake usiishe kabla ya miezi mitatu kupita tangu siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya matibabu ya safari isipungue yuro 30,000 kwa kila mtu. Jambo ambalo wengi hawalijui, wakalilipia bure, ni kwamba wanafunzi wanaokwenda kwa masomo, pamoja na walimu wanaofuatana nao, wamesamehewa ada ya viza, ambayo kwa mtu mzima mwingine ni yuro 90. Taja msamaha huo waziwazi katika barua ya chuo, ukiambatanisha mwaliko wa wenyeji wenu, ingawa wakala anayepokea maombi anaweza kutoza ada yake ya huduma.

Kagua majina herufi kwa herufi. Sisi Waganda tuna mazoea ya kuandika jina la ukoo leo mwanzoni na kesho mwishoni, na hakuna anayetushangaa mpaka tufike kwenye dirisha la viza. Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa na jina lililoishia kwa "i" katika pasipoti, na bila "i" hiyo katika barua ya chuo na taarifa ya benki. Tulizunguka kwa mawakili siku tatu tukitafuta hati ya kiapo kwa ajili ya herufi moja.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Berlin, kwa hiyo mtapitia Istanbul, Doha, Brussels au kwingineko. Mkipitia Brussels, ukaguzi wa uhamiaji utafanyika hapo hapo, hivyo kila mmoja awe na nakala ya mwaliko, bima na anwani ya malazi katika mkoba wa mkononi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike, maana itatakiwa Entebbe mtakaporudi. Makoti mazito nunueni katika soko la Owino, kwenye mivumba, yaani mitumba. Mengi yametoka Ulaya, nayo hayatapata shida kurudi kwao.

Sasa ratiba, ambayo ndiyo huharibu safari nyingi, kwa sababu viongozi huijaza sehemu sita kwa siku na wanafunzi hurudi na picha tu. Mbili kwa siku zatosha. Kila mwanafunzi apewe sehemu moja, aisome akiwa bado Kampala, kisha awaeleze wenzake kwa dakika kumi wakiwa wamesimama papo hapo. Kwenye Wilhelmstrasse 92, kwa mfano, jumba la mkutano wa 1884 halipo tena. Kilichopo ni bango la kumbukumbu, na asiyejiandaa atalipita kama tangazo la biashara.

Mtaa ambao mimi siuachi uko Wedding, eneo mojawapo la Berlin, karibu na kituo cha treni cha Afrikanische Straße. Ulipewa jina la Petersallee mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule yule aliyefika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, mwaka 1890 akamtilisha saini Kabaka Mwanga mkataba ambao haukudumu, kwani tarehe 1 Julai mwaka huo Wajerumani na Waingereza walikubaliana Uganda iwe upande wa Uingereza. Mwaka 1986 ikatangazwa kwamba jina hilo sasa ni la Peters mwingine. Hatimaye, Agosti 2024, mtaa uligawanywa, na sehemu moja ikaitwa Maji-Maji-Allee. Mwanafunzi atakayepewa mtaa huu aanzie utafiti wake Mengo.

Makumbusho ya Historia Asilia nayo yafaa nusu siku: humo husimama mifupa ya dinosaria yenye kimo cha zaidi ya mita 13, iliyochimbuliwa Tendaguru, kusini mwa Tanzania ya leo, kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi.

Tiketi ya karatasi ya treni ni lazima igongwe muhuri kwenye kisanduku cha jukwaani kabla ya kupanda. Wanafunzi wetu wawili walizitunza zao zikiwa safi kabisa, wakazionyesha kwa fahari kwa wakaguzi waliovaa nguo za kawaida, na kila mmoja akalipa faini ya yuro 60. Maduka mengi hufungwa Jumapili, kwa hiyo chakula kinunuliwe Jumamosi. Plagi zetu za pini tatu haziingii kule. Adapta mbili kwa kila chumba zatosha.

Kila jioni kusanya risiti zote, na nyuma ya kila moja andika kwa kalamu, kwa lugha inayosomeka Kampala, kilichonunuliwa na waliokula au kusafiri, kwa sababu mhasibu wa chuo hatazisoma kwa Kijerumani.