Kulichimbua neno gumu ndani ya utungo wa kale

Neno likikukwama katika utenzi wa kale na kamusi haina, usikimbilie kukisia. Mara nyingi neno limo, ila umbo lake limegeuzwa.

Anza na mizani, yaani silabi. Utenzi huwa na mizani 8 kwa kipande. Shairi la kawaida lina 16 kwa mshororo, 8 kila upande. Hesabu kwa vidole. Mshairi akipungukiwa hurefusha: afya, yenye mizani 2, huwa afiya yenye 3. Akizidiwa hukata, na usiambe, yaani usiseme, hubaki sambe. Kina, yaani mlio unaofanana mwishoni mwa vipande, nacho huuma mwisho wa neno, kwa hiyo irabu ya mwisho ndiyo ya kuishuku mwanzo.

Halafu tazama lahaja. Tenzi nyingi za zamani zimetoka Lamu, Pate na Mombasa, na huko ch yetu huwa t: mato ni macho, kitwa ni kichwa. Nj huwa nd: ndia ni njia. Kiamu, lahaja ya Lamu, huifanya j kuwa y, basi moya ni moja. Wanaoumia hapa si wasiolijua neno. Ni wanaodhani wanalijua. Anayeteka huenda hachoti maji wala hatwai mji, anacheka tu. Na nyota ikimzidi mtu jangwani, usimtazamishe mbinguni, ana kiu! Ukiwa na utungo wa Kipemba, ntu na nke vitafute penye m.

Kitenzi kivue viambishi ubaki na mzizi. Jihadhari na wakati uliopita wa kale, maana hubadili hata irabu ya ndani: nipete ni nimepata, nawe utafute pata.

Yote yakishindikana, shuku aliyeuhamishia utungo kwenye herufi za leo. Tungo hizi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na waandishi wengi wa zamani hawakutenga sauti zetu zote: be ilibeba b, p na mb, dali d na nd, fe f na v, ghaini g, ng na ng'. Neno lililosomwa "baba" laweza kuwa papa, pamba au bamba. Yajaribu yote, kisha ulishike lile linalokaa na ubeti mzima.

Kwa kamusi, tangulia na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) la 2010, kisha kamusi zao za lahaja za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Kamusi ya Krapf ya 1882 ina Kimvita kingi, lahaja ya Mombasa, ingawa tahajia yake inachosha. Kamusi ya Sacleux ya 1939 ndiyo tajiri kupita zote kwa lahaja, lakini inaeleza kwa Kifaransa.

Ukimwendea mzee, usimpe neno peke yake. Msomee ubeti, umuulize neno hilo husemwa lini na nani humwambia nani. Akikujibu kwa maana tupu, mwombe sentensi. Ndipo utakapojua kama ni neno la heshima, la matani au la matusi.

Kulitumia katika shairi lako ni jambo jingine. Moja kwa ubeti latosha, tena liweke pahala ambapo maneno ya jirani yanalieleza. Kama limeingia kwa ajili ya kina tu, litoe. Msikilizaji hulisikia hilo mara moja.