Jinsi ya Kujiandaa kwa Kolonoskopia ili Uvimbe wa Utumbo Mpana Usifichike

Damu ikionekana chooni, wengi wetu hapa Nairobi husema ni bawasiri au amiba, tukanunua dawa dukani na kungoja. Huenda ikawa bawasiri kweli, lakini jambo hilo halijulikani kwa kukisia. Mtu mzima aliyepungukiwa damu bila sababu inayoeleweka, ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, au anayekonda asijue kwa nini, anafaa kumwomba daktari amchunguze utumbo mpana kwa kolonoskopia, yaani kipimo ambacho mpira mrefu mwembamba wenye kamera (kolonoskopu) huingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Hata asiye na dalili yoyote hushauriwa kuanza kupimwa akiwa na miaka 45, na aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani ya utumbo mpana huanza mapema zaidi, kwa kawaida akiwa na miaka 40.

Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama polipu, yaani kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani, ambacho aghalabu huchukua miaka 10 hivi kabla ya kugeuka saratani. Tangu mwaka 1969, Hiromi Shinya alipoondoa polipu kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya kolonoskopu huko New York, daktari ameweza kukiona kinyama hicho na kukikata katika kikao kimoja. Hata hivyo hawezi kukata asichokiona, na atakachokiona kinategemea sana kazi utakayoifanya wewe nyumbani.

Wiki moja au zaidi kabla ya siku ya kipimo, mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda na za kisukari, wala usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Vidonge vya madini ya chuma kwa kawaida husimamishwa siku 5 hadi 7 kabla, kwa kuwa huacha choo cheusi kinachonata ukutani. Uliza pia mapema kama bima yako, iwe SHA (bima ya afya ya serikali) au nyingine, inalipia na uchunguzi wa kinyama kwenye maabara.

Siku mbili tatu kabla, weka kando githeri, maharagwe, sukuma wiki na matunda yenye mbegu kama mapera na karakara. Mbegu ya pera, ndogo jinsi ilivyo, inaweza kuziba njia ambayo kifaa hunyonyea maji. Kula wali mweupe, mkate mweupe, mayai au samaki. Siku ya mwisho kabla ya kipimo, kunywa tu vitu vinavyopitisha mwanga, kama vile maji, chai ya rangi na supu iliyochujwa, ukiepuka maziwa na kinywaji chochote chekundu, kwani mabaki yake hufanana na damu.

Dawa ya kusafisha tumbo huchanganywa na maji, mara nyingi lita 2 hadi 4, na ni heri igawanywe mara mbili: nusu jioni, nusu nyingine saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, ukimaliza angalau saa 2 kabla, isipokuwa daktari amekuelekeza vingine. Aliyepangiwa saa tatu asubuhi ataamka yapata saa kumi alfajiri. Ninawaelewa wanaotaka kuimaliza yote jioni wakalale, lakini nawasihi wasifanye hivyo: usiku kucha majimaji kutoka utumbo mwembamba hushuka na kuupaka upya upande wa kulia wa utumbo mpana, na huko ndiko polipu bapa hupenda kujificha. Kwa kuwa mitaa mingi hupata maji kwa mgao, jaza mitungi mapema, na kama choo ni cha pamoja, zungumza na majirani kabla hujaanza kunywa.

Utajua umefaulu kwa kutazama chooni. Kinachotoka kiwe maji ya manjano hafifu, mfano wa mkojo, kiasi kwamba unaona chini. Kikiwa bado cha kahawia au kina chembechembe, pigia simu kitengo kitakachokupima kabla hujaondoka nyumbani.

Hospitalini utalala ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa, na utapewa dawa ya kutuliza au ya usingizi. Kifaa husukumwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, palipo tundu la kidole tumbo, kisha hurudishwa polepole, kwa muda usiopungua dakika 6, huku daktari akikagua kila mkunjo. Baadaye omba majibu kwa maandishi, kwa sababu dawa hufuta kumbukumbu: je, kifaa kilifika mwanzo kabisa? Utumbo ulikuwa safi kiasi gani? Je, kuna kilichokatwa, na majibu ya maabara ni lini?

Njoo na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani, wala usiendeshe gari wala kupanda bodaboda peke yako siku hiyo. Gesi tumboni ni jambo la kawaida. Maumivu makali, homa au damu nyingi si kawaida, kwani utumbo unaweza kutoboka ingawa ni nadra, kwa hiyo rudi hospitalini mara moja. Ikiwa kila kitu kilikuwa safi na huna hatari ya kifamilia, kipimo kinachofuata huwa baada ya miaka 10; kama polipu ilipatikana, daktari atakuita mapema zaidi, akiongozwa na idadi, ukubwa na aina yake.